Profesa Broglio alikuja. Je, mwenyeji alipona?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu husikika zaidi katika karamu na harusi, lakini leo nataka kuutumia kumpimia mgeni mmoja aliyetujia mwanzoni mwa miaka ya 1960, akasimamisha majukwaa ya chuma katika maji ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na kutoka hapo akatuma setilaiti angani. Mgeni huyo ni Profesa Luigi Broglio, mhandisi ambaye Waitaliano humwita baba wa safari zao za anga za juu. Alifariki dunia mwaka 2001, na tangu hapo robo ya karne imepita. Wanafunzi wengi wa Kenya hawajapata kulisikia jina lake, ilhali historia ya sayansi katika nchi hii haiwezi kuandikwa ikakamilika bila ya kumtaja.

Naandika makala haya nikiwa Kimana, katika kaunti ya Kajiado, mbali na bahari. Huenda msomaji akauliza: Kimana na roketi za Ngomeni, wapi na wapi? Jibu limo katika ramani inayotundikwa ukutani darasani. Ngomeni iko karibu digrii tatu kusini mwa ikweta, na Kimana hali kadhalika. Ukiweka rula pale Ngomeni na kuilaza kuelekea magharibi kwa muda wa kilomita mia tatu hivi, itapita karibu sana na mji wetu huu ulio chini ya Kilimanjaro. Setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni kuelekea mashariki, ikaizunguka dunia kwa kuifuata ikweta, ilikuwa ikirejea katika anga yetu takribani mara 14 kila siku, juu ya ng'ombe waliokuwa wakiteremshwa kwenda kunywa maji kwenye vinamasi. Mchungaji aliyekuwa chini hakuwa na habari, wala hakuna aliyemweleza. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice. Alisoma uhandisi mjini Roma, akahitimu mwaka 1934, na akajiunga na jeshi la wanahewa la Italia akiwa mhandisi. Jeshini alipanda hadi cheo cha jenerali, lakini kazi iliyomjenga na kumpa jina ilikuwa ualimu. Katika Chuo Kikuu cha La Sapienza alifundisha miundo ya ndege, yaani elimu ya kupima jinsi bawa linavyopindika, jinsi chuma kinavyostahimili mtikisiko, na jinsi kitu chepesi kinavyoweza kuwa imara. Katika miaka ya 1950 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa anga ya chuo hicho. Nawaomba walimu wenzangu walitie jambo hili moyoni. Italia haikuanza safari zake za angani kwa roketi. Ilianza kwa chumba cha darasa, ubao, na vijana waliokuwa na mwalimu mmoja mkali.

Italia ya siku hizo haikuwa taifa la kujigamba. Ilikuwa imeshindwa katika Vita Vikuu vya Pili, miji yake ilikuwa imebomolewa, na raia wake walikuwa wakihamia nchi za mbali kutafuta riziki. Muungano wa Kisovieti uliporusha Sputnik mwezi wa Oktoba 1957, na Marekani ikafuata mwanzoni mwa 1958, ilidhaniwa kwamba mbio hizo ni za mafahali wawili peke yao. Broglio hakuafiki. Tayari wahandisi wa jeshi la wanahewa walikuwa wamefungua uwanja wa kujaribia roketi katika kisiwa cha Sardinia, na mwaka 1961 roketi ndogo zilizorushwa huko zilimwaga mawingu ya sodiamu angani ili wanasayansi waone jinsi upepo wa juu unavyovuma. Mwaka huo huo aliipelekea serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani mpango wa kurusha setilaiti ya Kiitaliano. Aliupa jina la San Marco, mtakatifu msimamizi wa Venice.

Mpango wenyewe ulikuwa wa busara, kwa kuwa ulifuata kipimo cha mfuko wa nchi yake. Italia haikuwa na roketi kubwa, na kuitengeneza kungechukua miaka mingi na fedha nyingi. Kwa hiyo mwaka 1962 ilitia sahihi mapatano na Marekani. Wamarekani wangetoa roketi aina ya Scout na kuwafunza Waitaliano jinsi ya kuiendesha. Waitaliano nao wangeunda setilaiti wenyewe, wangeirusha wenyewe, na wangejitafutia mahali pa kuirushia. Tazama tofauti iliyopo kati ya kubebwa na kufunzwa. Anayebebwa akitua hujikuta pale pale alipokuwa, lakini aliyefunzwa huondoka na ujuzi mikononi.

Tarehe 15 Desemba 1964, katika kituo cha Wallops nchini Marekani, kikosi cha Waitaliano kilirusha setilaiti ya San Marco 1. Roketi ilikuwa ya Kimarekani, uwanja ulikuwa wa Kimarekani, lakini mikono iliyofanya kazi na setilaiti iliyopaa ilikuwa ya Waitaliano. Ndani yake mlikuwa na chombo alichokibuni Broglio mwenyewe, ambacho hadi leo huitwa mizani ya Broglio. Nitajaribu kukieleza kwa lugha nyepesi. Hewa haikomi ghafla pale mawingu yanapoishia. Huendelea kupungua polepole hadi mamia ya kilomita juu, na ile iliyobaki, ingawa ni haba mno, husukumana na setilaiti na kuipunguzia mwendo hadi ikaanguka. Broglio aliunda setilaiti kama tufe lenye ganda jepesi nje na kiini kizito ndani, vikiwa vimeunganishwa kwa vishikizo vinavyonyumbuka. Hewa ilipoligusa ganda, ganda lilisogea kidogo sana kuliko kiini, na msogeo huo ulipimwa. Kwa njia hiyo setilaiti yenyewe iligeuka kuwa mizani ya kupimia hewa. Swali lilikuwa moja, na chombo kilikuwa kimoja.

Lakini kwa nini Ngomeni? Hapa ndipo Jiografia ya kidato cha kwanza inapoingia. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kasi hiyo huwa kubwa zaidi kwenye ikweta. Mtu aliyesimama Ngomeni, bila hata ya kuinua unyayo, husafirishwa kwa kasi ya takribani kilomita 1,670 kwa saa. Aliyesimama Roma husafirishwa kwa takribani kilomita 1,240. Mtoto akirusha jiwe mbele hali amepanda gari linalokwenda, jiwe lake huongezewa mwendo wa gari. Roketi nayo ikirushwa mashariki kutoka ikweta huongezewa mwendo wa dunia bila malipo. Fauka ya hayo, roketi inayorushwa mbali na ikweta haiwezi kuingia moja kwa moja katika njia inayoifuata ikweta. Sharti igeuzwe huko juu, na kugeuza huko hula mafuta mengi. Isitoshe, mashariki mwa Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, hivyo mabaki ya roketi hayawaangukii watu.

Haya yote yalikuwa mali yetu kabla ya Broglio kuzaliwa. Yeye hakutuletea ikweta. Alichokileta ni elimu ya kujua kwamba ikweta ina thamani.

Jukwaa la Santa Rita, ambalo lilikuwa limetumika katika utafutaji wa mafuta, lilivutwa baharini hadi pwani yetu, na mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kujipatia uhuru, roketi ndogo za utafiti zilianza kuruka kutoka hapo. Baadaye likafuata jukwaa kubwa zaidi la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma juu ya sakafu ya bahari. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka Ngomeni, ikawa setilaiti ya kwanza ulimwenguni kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Mwaka huo huo Ufaransa iliuacha uwanja wake wa roketi wa Hammaguir katika jangwa la Algeria. Mabepari wa anga walikuwa wakihama bara letu, naye Broglio alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

Siku iliyowaka zaidi ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya saba ya uhuru wetu. Siku hiyo kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya Wamarekani iliyoundwa kwa kazi moja tu: kutafuta miale ya eksirei inayotoka katika nyota. Miale hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, kwa hiyo darubini ya ardhini haiwezi kuiona. Marjorie Townsend, mama mhandisi aliyeisimamia kazi hiyo kwa upande wa NASA, alipendekeza ipewe jina la Uhuru, kwa heshima ya siku na ya taifa lililowapokea. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya sayansi vya ulimwengu mzima na halijatoka hata sasa. Ule ukaribu wa ikweta nao ulifanya kazi yake, maana setilaiti ilikwepa eneo la mionzi mikali lililoko juu ya Atlantiki ya Kusini, na vyombo vyake havikuvurugwa. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei na kusaidia kuonyesha kwamba kile kiitwacho Cygnus X-1 yumkini ni shimo jeusi, yaani gimba zito kiasi kwamba hata nuru haitoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni: nne za Italia, nne za Marekani na moja ya Uingereza. Zote tisa zilifika njiani mwake salama. Ni mataifa machache yanayoweza kujivunia hesabu kama hiyo, na hesabu hiyo ilitokana na nidhamu ya mwalimu aliyetaka kila msumari ukaguliwe.

Hata hivyo, maisha hayampi mtu vyote. Broglio alitamani kuona roketi yenye nguvu zaidi, iliyoboreshwa na Waitaliano wenyewe, ikiruka kutoka Ngomeni. Alibisha hodi milango mingi. Lakini mwaka 1988, mwaka ule ule setilaiti ya mwisho ya San Marco ilipopaa, Italia iliunda shirika jipya la anga za juu, na fedha zake nyingi zikaelekezwa katika miradi ya pamoja ya Ulaya. Roketi za Scout zilistaafishwa mwaka 1994. Mataifa ya Ulaya yaliendelea kuwekeza Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, ambako pia ni karibu na ikweta, na huko ndiko roketi ya Vega yenye asili ya Italia ilikorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Majukwaa ya Ngomeni yakaachiwa chumvi na kutu. Mzee alifariki tarehe 14 Januari 2001 bila ya kuona roketi nyingine ikiruka pale. Kituo cha nchi kavu kikapewa jina lake.

Sasa turudi kwenye msemo wetu. Je, mwenyeji alipona?

Mgala muue na haki yake umpe. Kituo kile kilitoa ajira kwa Wakenya wa Malindi na Ngomeni, na antena zake ziliendelea kufanya kazi baada ya roketi kunyamaza. Darubini ya Swift iliyorushwa mwaka 2004 kwa ajili ya kuchunguza milipuko mikubwa ya angani ilikuwa ikiteremsha habari zake Malindi. Hilo si jambo dogo. Lakini kwa miaka mingi manung'uniko yalisikika, Pwani na Nairobi, kwamba nchi hii ilikuwa ikipata kidogo mno kutokana na kituo kilichoko katika ardhi na maji yake. Mimi naona kwamba hasara kubwa zaidi haikuwa ya kodi. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka bahari yetu, siku ya uhuru wetu, kwa neno letu. Lakini habari ilizozikusanya zilisomwa Cambridge, Massachusetts. Sisi tulibaki na jina, na elimu ikaenda kwa wenye shule.

Je, lawama ni za Broglio? La. Yeye aliifanyia nchi yake kile ambacho kila mzalendo angeifanyia yake. Alitafuta mahali, akaomba ruhusa, akafanya kazi. Aliyepaswa kuuliza vijana wangapi wa Kenya wangeketi kando ya vijana wa Roma na kujifunza kuendesha mitambo ile ni mwenyeji. Swali hilo lilichelewa kuulizwa kwa miongo kadhaa. Mapatano mapya kati ya Kenya na Italia yaliyotiwa sahihi mwaka 2016 ndiyo yaliyoweka wazi masuala ya mafunzo, ya kupata habari zinazokusanywa na setilaiti, na ya kuisaidia taasisi yetu wenyewe. Mwaka uliofuata Shirika la Anga za Juu la Kenya likaundwa.

Na hapo ndipo mbegu ya mzee ilipoanza kuchipua kwetu. Mwezi wa Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kupitia chumba cha Wajapani. Waliowaunga mkono wahandisi wetu katika kazi hiyo ni wasomi wa La Sapienza, chuo kile kile cha Broglio. Kisha mwezi wa Aprili 2023 ikaja Taifa-1, setilaiti ya kupigia picha ardhi, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya, ikaundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, na kurushwa Marekani kwa roketi ya SpaceX. Iliripotiwa kugharimu takribani shilingi milioni 50. Kuna waliocheka, wakasema nchi yenye njaa inachezea anga. Nami nawajibu kwa maisha ya Broglio: hata Italia ilianza kwa roketi ya kuazima na tufe moja la kupimia hewa.

Wanaocheka nawakaribisha Kajiado. Mwaka 2009 ukame uliangamiza mifugo na wanyama wa porini katika bonde hili la Amboseli, na mwaka 2022 tukayaona tena mizoga kando ya barabara. Mfugaji huuza ng'ombe wake akiwa amekwisha kukonda, kwa sababu amechelewa kujua kwamba malisho yanakwisha. Setilaiti huona nyasi zikinyauka kabla ya mchungaji kufika. Huko Marsabit, tangu mwaka 2010, picha za setilaiti zimetumiwa kukadiria hali ya malisho ili wafugaji waliokata bima walipwe. Tembo wa Amboseli wamefungwa mikanda inayotoa habari kwa setilaiti, hivyo mwendo wao kupitia Kimana hujulikana. Na mwenye kutaka kuona jinsi ua na nyumba zilivyoziba njia za wanyama katika tambarare za Kitengela, picha za angani zitamwonyesha mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo si anasa tunayoizungumzia hapa. Ni maji, ni nyasi, ni ardhi.

Lakini picha haijisomi. Inahitaji kijana wa Kimana anayeujua mlima ulipo, anayejua kinamasi kipi hukauka kwanza, na ambaye pia amesoma hesabu na fizikia ya kutosha kuitafsiri rangi ya picha iwe onyo kwa wazee wa kijiji. Kijana huyo hatapatikana sokoni. Atatoka katika madarasa yetu, au hatatoka kabisa.

Kwa sababu hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu. Mtakapofundisha latitudo, msiishie Greenwich. Wapelekeni wanafunzi Ngomeni kwa rula na ramani, waikokotoe ile kasi ya dunia wenyewe, kisha waambieni habari za mwalimu kutoka Mestre aliyejua kuitumia. La pili ni kwa wenye mamlaka. Kila mapatano ya kituo cha Malindi yatakapojadiliwa upya, ibara ya kwanza kusomwa isiwe ya kodi. Iwe ile inayotaja idadi ya Wakenya watakaofunzwa, kazi watakazozishika, na mwaka watakapozishika. Broglio alipoketi na Wamarekani mwaka 1962, hilo ndilo alilolidai kwa ajili ya vijana wake. Nasi tudai hilo hilo kwa ajili ya wetu.